Tulipofika Palikuwa Pori

Sharika nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam huanza historia yao kwa sentensi moja: "Tulipofika hapa palikuwa pori." Utaisikia Mbagala na Yombo, utaisikia Kimara na Goba. Wazee waanzilishi huitamka kwa fahari, na wana haki ya kujivunia, maana walikuja kwa miguu, walifyeka, walimwaga zege kwa ndoo. Sisi nasi tuliiandika. Tulikuwa wanne: mchungaji, mwinjilisti, katibu wa baraza la wazee na mama mmoja mwalimu mstaafu. Tulikuwa tumepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha jubilei ya usharika wetu hapa Temeke, na rasimu yetu ilianza kwa sentensi hiyo. Jina la usharika hatutalitaja, wala la mtaa. Sababu itaonekana mbele.

Siku tulipoisoma rasimu kwa sauti barazani pa ofisi, jirani yetu mmoja alikuwa amekaa pembeni akisubiri fedha zake za vitumbua vya kikao. Ni bibi wa Kizaramo, Mwislamu, ambaye amekuwa akiuza nje ya geti letu tangu kabla wengi wetu hatujahamia Dar es Salaam. Alisikiliza hadi mwisho wa aya, kisha akauliza taratibu, "Baba Mchungaji, hiyo minazi mitatu nyuma ya choo chenu, pori ndilo liliipanda?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alihesabu fedha zake, akaaga.

Tulitoka tukaenda kuitazama. Tumepita pale miaka mingi, tumefunga kamba za turubai kwenye mashina yake wakati wa mikutano ya injili, na hatukuwahi kuona kwamba minazi ile imesimama kwenye mstari mmoja, nafasi kati ya mmoja na mwingine ikiwa sawa. Minazi ya mstari ina mtu nyuma yake. Alipima kwa hatua, alichimba mashimo, akangoja miaka sita au saba aangue dafu la kwanza. Mpita njia hapandi mnazi.

Ndani ya kabati la ofisi kuna jalada la kiwanja, na ndani ya jalada kuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1979. Karatasi hiyo hutolewa kila unapotokea ugomvi wa mpaka, kwa hiyo kila mzee wa kanisa ameiona. Safari hii tuliisoma kwa namna nyingine. Inasema kwamba shamba linauzwa likiwa na minazi 14, mikorosho 6, mwembe 1 na makaburi 2. Muuzaji ameweka dole gumba, na imeandikwa kwamba anauza kwa niaba ya familia ya kaka yake, marehemu. Mashahidi ni watatu, mmoja wao mjumbe wa nyumba kumi. Upande wa pili kuna sahihi za wazee wetu wawili, ambao wote wamekwisha kutangulia mbele za haki.

Minazi 14 na makaburi 2. Pori halina makaburi.

Anayesoma Biblia atakuwa ameshakumbuka Mwanzo sura ya 23. Abrahamu, mgeni katika nchi ya watu, anataka mahali pa kumzika Sara. Anapewa bure, anakataa, anapima fedha mbele ya wenyeji, shekeli 400. Na mwandishi, ambaye kwa kawaida ni bahili wa maneno, anataja shamba, pango na miti yote iliyokuwamo hadi kwenye mipaka yake. Imani ya baba yetu wa imani ina hati ya mauziano ndani yake, yenye miti na kaburi na mashahidi. Abrahamu alipewa ahadi ya nchi nzima, lakini hakusema kwamba Makpela palikuwa pori. Alimtaja Efroni Mhiti kwa jina, na jina hilo limesomwa makanisani na katika masinagogi hadi leo.

Sentensi yetu, basi, ilikuwa uongo, na ushahidi dhidi yake tulikuwa tumeufungia katika kabati letu wenyewe. Tunatumia neno uongo kwa makusudi. Katika hesabu yetu Walutheri, kutomshuhudia jirani uongo ni amri ya nane, nasi tumezoea kuifundisha kwenye darasa la kipaimara kama amri dhidi ya umbea. Luther katika Katekisimu Kubwa anaanzia mahali pengine: anaanzia mahakamani, ambako maskini asiye na mtetezi anaweza kupoteza mali na heshima kwa neno la shahidi. Shamba la Nabothi halikuchukuliwa kwa upanga. Lilichukuliwa kwa mashahidi wawili na barua iliyoandikwa vizuri.

Na neno "pori" nalo limewahi kuwa shahidi mahakamani. Amri ya Kaiza ya tarehe 26 Novemba 1895 ilifanya ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa mali ya serikali, na aliyeamua kama ardhi ina mwenyewe au haina hakuwa yule aliyeipanda minazi. Shamba lililoachwa lipumzike misimu kadhaa huonekana kama pori kwa mtu aliyeshuka melini jana. Waingereza, kwa sheria ya ardhi ya 1923, walitangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Gavana. Hatusemi kwamba wazee wetu wa 1979 walikuwa wakoloni. Wao walilipa na wakaandikishana. Tunasema tu kwamba sentensi waliyotuachia ilikuwa na ukoo wake.

Jambo hili linapaswa kutuuma zaidi sisi Walutheri wa Pwani. Mmisionari Johann Jacob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kilianzishwa 1892, kisha Maneromango 1895, kabla jengo la Azania Front halijaanza kujengwa. Hivyo ni vituo vya Uzaramo. Wenyeji wa mashamba haya walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusikia Injili kwa njia ya Kanisa letu, wengine wakaipokea, wengi wakabaki katika Uislamu wao. Miaka mia baadaye sharika zetu zilikuwa zimejaa watu wa Kilimanjaro, Kagera, Iringa na Njombe, watu wema, wachapa kazi, ambao walijua historia ya kijiji walichotoka kuliko ya mtaa waliohamia. Sensa ya 1957 iliwahesabu wakazi 128,742 katika Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwahesabu 5,383,728. Mji unaokua hivyo hauna muda wa kuuliza nani alikuwa hapa.

Tuliamua kuuliza.

Mwenzetu mmoja wa chuo cha theolojia, aliyewahi kusoma Ulaya, alituonyesha kwenye simu jinsi Waireland wanavyofanya. Mtu yeyote anaweza kufungua sensa ya 1901 au ya 1911, akachagua mji, mtaa, namba ya nyumba, akasoma majina: baba, mama, watoto, wapangaji, umri, dini, nani anajua kusoma. Wanawake walioolewa mwaka 1911 waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na majibu yapo, namba mbili kando kando. Katika nyumba namba 14 ya mtaa wa Henrietta, Dublin, mwaka huo waliishi watu 100. Tulisoma fomu kadhaa tukanyamaza. Mama mwalimu alisema ni kama kubisha hodi ukaitikiwa.

Lakini hata wao wamepoteza. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu la Dublin liliungua, na karne nyingi za karatasi zikawa majivu. Miaka 100 baadaye walizindua hazina ya kumbukumbu kwenye intaneti, iliyojengwa kwa nakala zilizosalia katika ofisi na maktaba nyingine. Hilo ndilo lililotupa moyo: nakala huwa mahali usipotazamia.

Sisi fomu za namna hiyo hatuna. Sensa zetu hutoa idadi, na majina hulindwa na sheria, jambo ambalo ni jema kwa walio hai. Mwaka 1956 na 1957 J. A. K. Leslie, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliongoza utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Dar es Salaam ya Waafrika, na kitabu chake kilichapishwa 1963. Kinaeleza watu waliishije, kodi walilipaje, walioaje. Ukitaka kujua ni akina nani waliokaa kwenye nyumba fulani, hakitakusaidia. Kwa hiyo tulianza na vilivyo karibu: vitabu vya ubatizo na mazishi, rejista ya shule ya msingi iliyo jirani, madaftari ya wajumbe wa nyumba kumi. Madaftari hayo ni hazina isiyojulikana. Tangu mfumo ule uanzishwe na TANU katika miaka ya 1960, mgeni aliyehamia alitakiwa ajitambulishe kwa mjumbe, na wajumbe wengine waliandika kwa umakini wa kiaskari: jina, kabila, ametoka wapi, kazi gani. Mengi yameliwa na mchwa. Moja tulilikuta limefungiwa sukari dukani, kurasa kumi na mbili zimebaki. Mwenye duka alitupa bila kutuuzia.

Hapo ndipo baraza la wazee lilipotuita.

Hoja zao hazikuwa za kijinga, na tungewakosea tukizipunguza. Mzee mmoja alisema Bwana anawajua walio wake. Kitabu cha uzima hakisubiri kijitabu cha jubilei. Mwingine alikumbusha kwamba Yesu aliwaachia wafu kazi ya kuzika wafu wao. Wa tatu, mtunza hazina, alisema lile ambalo wote walikuwa wakiliwaza: "Mkianza kufukua majina, yatatokea madai. Kiwanja hiki bado hakina hati kamili."

Tulirudi nyumbani tukiwa na mashaka, na tuliyasoma upya maandiko yanayohusu orodha. Hayako upande mmoja. Daudi aliwahesabu watu, na tauni ikafuata, kwa sababu alihesabu apate kujua nguvu zake. Nehemia sura ya 7 ina ukoo baada ya ukoo wa waliorudi kutoka uhamishoni, orodha nzuri, mpaka unapofika kwa wale walioitafuta nasaba yao wasiione, wakatengwa na ukuhani. Karatasi ilipokosekana, mtu alikosekana. Hata katika nchi hii majina hayakuandikwa siku zote kwa upendo: kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza 1898, ilihitaji kujua kila kibanda ni cha nani.

Na pale ambapo majina yangekuwa heshima, hayakuandikwa. Kariakoo imerithi jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika utumishi ule bila kukumbukwa kwa majina, na kwamba huenda wakafikia 350,000. Askari wa Kizungu ana jiwe lake. Mpagazi amebaki kuwa jina la soko, tena jina la kikosi, si lake.

Kuna orodha nyingine, ya karibu zaidi. Nyumba za Magomeni Kota zilipobomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 ziliondoka, na kilichobaki kuwaunganisha na mahali pale kilikuwa orodha. Wakapanga vyumba huku na kule, wengine wakazeeka wakisubiri. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo mapya yenye nyumba 656, na waliokuwa wakazi ndio waliopewa. Orodha ile haikuwa kumbukumbu ya kupendeza macho. Kwa mama aliyelala chumba cha kupanga miaka yote hiyo, ilikuwa tofauti kati ya kurudi na kutorudi.

Jibu letu kwa baraza, tulilolitoa katika kikao cha pili, lilikuwa fupi kuliko mjadala wake. Mzee wa kwanza amesema kweli: Mungu hahitaji daftari letu, na marehemu hawapungukiwi kitu mbele zake kwa sababu sisi tumesahau. Hatuwatafuti ili wapate kukumbukwa. Tunatafuta kwa sababu sisi tumesema neno juu yao, tumelichapa, tutaliuza kwa shilingi elfu tano kwenye jubilei, na neno hilo si kweli. Anayemwambia mtoto wa kipaimara asishuhudie uongo hawezi kumpa kijitabu hicho siku hiyo hiyo. Kuhusu madai, tulisema kama yapo ya haki, hatuyaumbi kwa kuyajua. Mtunza hazina hakuridhika, na hadi leo hajaridhika, lakini alikubali tuendelee.

Bibi wa vitumbua ndiye aliyetufikisha. Siku zote alikuwa akijua. Tulipomuuliza mbona hakusema miaka yote hiyo, alishangaa: "Mliuliza lini?" Alitutajia ukoo, akatuelekeza Kongowe, kwa binti wa yule marehemu. Tulikwenda watatu siku ya Jumamosi. Tulimkuta mama wa miaka karibu sabini, anapepeta mchele. Tulimwamkia, akatukaribisha mkekani, na tulipotaja minazi aliweka ungo chini.

Alikumbuka kila kitu. Mwembe ulikuwa wa dodo. (Tulilazimika kumwambia kwamba tuliukata ili tupanue ukumbi, alinyamaza kidogo, akasema miti hukatwa.) Makaburi yalikuwa ya baba yake na ya mdogo wake, aliyekufa kwa surua. Baba alipofariki, baba yake mdogo ndiye aliyesimamia shamba, na ndiye aliyeuza. Mama yao na watoto walihamia kwa wajomba. Fedha zilikwenda wapi, hakutaka kusema.

Tulimweleza tunataka kuandika majina yao kwenye kijitabu, kwa heshima. Tulidhani atafurahi.

"Wanangu, msiandike," alisema. "Baba mdogo ameacha watoto. Ni ndugu zangu, tunaozeshana, tunazikana. Mkiandika kwamba aliuza cha yatima, mimi nitakaa nao vipi msibani?"

Katika hayo tuliyoyakuta, hilo ndilo lililotufundisha zaidi. Tulikuwa tumekwenda na amri ya nane mkononi kama tochi ya kumulika wengine, na yeye akatukumbusha upande wake wa pili. Katekisimu Ndogo haikomi kwenye kukataza uongo. Inatutaka tumtetee jirani na tulitafsiri tendo lake kwa wema. Yule baba mdogo, ambaye njia nzima tulikuwa tumekwisha kumhukumu, huenda aliuza alipie mazishi au awalishe hao hao watoto. Hatukujua. Tulikuwa na dole gumba tu. Kusema kweli juu ya mahali ni jambo moja, na kumtoa mtu hadharani ni jambo jingine, na mtafiti mwenye hamu huchanganya hayo mawili kwa urahisi sana. Wafu wa Dublin wa 1911 wako mbali na sisi, na karatasi zao zimefunguliwa baada ya muda mrefu. Wetu wana wapwa wanaokutana msibani.

Kwa hiyo majina yao hayamo katika kijitabu, wala hayamo hapa. Sentensi ya kwanza tumeibadilisha. Sasa inasema kwamba mwaka 1979 usharika ulinunua shamba la familia moja ya Kizaramo, likiwa na minazi 14, mikorosho 6, mwembe 1 na makaburi 2, na inaendelea na wazee wetu waliofyeka na kumwaga zege, ambao sifa yao haikupungua hata kidogo.

Mama yule aliomba jambo moja. Aliuliza kama anaweza kuja na nduguze, kabla ya mwezi wa Ramadhani, kuwasomea dua marehemu wake. Bibi wa vitumbua alikuwa ameshatuonyesha mahali: ni kwenye kona ya ukuta, pale wazee wanapoegesha magari siku ya Jumapili. Baraza lilijadili saa tatu. Wengine walisema haiwezekani kisomo ndani ya uzio wa kanisa. Mwinjilisti aliuliza tungejibu nini kama makaburi yangekuwa ya Wakristo na uzio ukawa wa msikiti. Kura zilipita kwa tofauti ya moja.

Walikuja watu tisa, Ijumaa alasiri. Tulikuwa tumeyaondoa magari na kufagia. Walisimama kama dakika ishirini, wakanyunyiza maji, wakaondoka, na mama akatuachia mfuko wa mchele. Wazee watatu wa kanisa walihudhuria, wakisimama mbali, kofia mkononi. Mpango wa kuweka pevingi kwenye kona ile bado uko kwenye bajeti ya mwaka huu, umeahirishwa mara mbili, na utarudi mezani kikao kijacho.